"Nyigu" Aliyefungua Mgongo: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Nairobi

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba ya ghorofa upande wa magharibi wa Nairobi, wiki ambazo mvua za masika zilikuwa zinaanza. Majina, mtaa na duka vimeondolewa kwa makubaliano na familia. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, pamoja na kosa langu, ambalo ndilo lililonifanya nikiandike.

Nyumbani humo anaishi bibi aliyestaafu, binti yake na mjukuu wa miaka minane. Mwaka uliotangulia mjukuu aliumwa na nyuki shuleni, uso na koo vikavimba, akalazwa. Tangu siku hiyo madirisha ya vyumba vya kulala yana wavu, na neno "nyigu" halitamkwi kwa wepesi mbele ya bibi huyo.

Miezi mitano kabla ya kisa, familia ilinunua kisitiri cha mianzi cha kugawanya sebule na stuli tatu za mianzi zinazolingana nacho. Vyote vilikuja kwa kontena kutoka Asia. Hakuna aliyenitajia jambo hilo mwanzoni, nami sikuuliza.

Mimi nimejifunza mbawakawa kwa miaka mingi, hasa wale wa familia ya Cerambycidae, mbawakawa pembe-ndefu. Watu wanaonifahamu hunitumia picha za wadudu wakitaka majina. Bibi huyu ni rafiki wa mama yangu, kwa hiyo alinitafuta mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Siku tisa za mwanzo

Jumatatu asubuhi bibi aliona mdudu wa njano na nyeusi kwenye kioo cha dirisha la sebule. Alikuwa akikimbia, anasimama ghafla, anakimbia tena, vipapasio vikitikisika. Jumanne walikuwa wawili. Keateka wa jengo aliitwa. Akasema ni Nairobi fly, maana mvua zimeanza na mdudu ana rangi kali, akaonya wasimponde kwa mkono.

Onyo lilikuwa zuri, jina halikuwa lenyewe. Nairobi fly pia ni mbawakawa, wa jenasi ya Paederus. Ni mwembamba, hafiki sentimita moja, ana kichwa cheusi na kidari cha rangi ya chungwa, na mbawa zake ngumu ni fupi kiasi kwamba sehemu kubwa ya tumbo iko wazi. Hang'ati na hana mwiba. Sumu yake, pederini, hutengenezwa na bakteria wanaoishi mwilini mwake, na humuunguza mtu anayemponda juu ya ngozi. Mdudu wa sebuleni alikuwa mnene zaidi, mbawa zake zilifunika karibu tumbo lote, na njano yake ilikuwa ya limau lililoiva, si ya chungwa. Keateka aliona rangi mbili za hatari akatoa jina la hatari analolijua. Saa chache baadaye nilifanya vilevile, ila kwa jina jingine.

Bibi alinitumia picha moja, imetikisika, imepigwa mwanga ukiwa nyuma ya mdudu. Chini yake aliandika: "Mwanangu, huyu anauma?" Nikaona mistari ya njano na nyeusi, miguu mirefu, mwili mwembamba kiasi. Nikamjibu: "Anaonekana kuwa nyigu, Mama. Mtoto asikae humo. Tafuteni kiota."

Kila kilichofuata kilitokana na jibu hilo. Mjukuu alipelekwa kwa shangazi yake Kitengela, akawa anachelewa shule kila siku kwa sababu ya foleni. Mpiga dawa akaja, akanyunyiza sebule na roshani kwa dawa ya jamii ya pareto. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tano wakatokea watatu kwa mpigo, kwenye dirisha lilelile. Mpiga dawa akarudi, akapanda hadi ndani ya dari kutafuta kiota, akashuka na utando wa buibui tu. Kufikia hapo shilingi 11,000 zilikuwa zimekwenda.

Jioni ya siku ya nane mtoto alimpigia bibi yake simu kuuliza kama kuna mtu ameigusa chupa yake ya jemu. Kumbe kabla ya kuondolewa nyumbani alikuwa amemnasa mmoja, akamfungia ndani ya chupa, akatoboa kifuniko kwa uma na kuificha chini ya kitanda. Bibi alipofoka, mtoto akajitetea: "Lakini Bibi, si nyigu. Hawezi kuruka mpaka afungue mgongo kwanza."

Bibi alinisimulia hayo kama habari ya utundu wa mtoto. Mimi niliposikia "afungue mgongo" niliketi. Nyigu hana mgongo wa kufungua. Mbawa zake nne ni utando mtupu, ziko nje wakati wote. Mdudu anayelazimika kuinua vifuniko viwili vigumu ndipo akunjue mbawa za kurukia ni mbawakawa. Mtoto wa miaka minane alikuwa ameona kwa subira kitu ambacho mimi sikukiona kwa haraka, na tulikuwa tumemhamisha pamoja na ushahidi wake.

Kumtazama kwa karibu

Kesho yake nilifika na lenzi ya mkono na chupa ndogo za spiriti. Aliyekuwa ndani ya chupa ya jemu alikuwa amekwisha kufa. Nilimweka juu ya karatasi nyeupe, nikamtazama kwa utaratibu niliopaswa kuufuata tangu mwanzo.

Kwanza mgongo. Katikati yake ulipita mstari ulionyooka toka mabegani hadi karibu na ncha ya tumbo. Hapo ndipo mbawa ngumu mbili hukutana. Mstari huo peke yake ulimwondoa kwenye kundi la nyigu.

Kisha vipapasio. Hapa jina "pembe-ndefu" huwapoteza wengi. Katika picha zinazopendwa za familia hii vipapasio hupita urefu wa mwili, wakati mwingine mara mbili. Huyu vyake vilifika nusu ya mwili tu. Wapo wa kabila la Clytini, hao wanaoiga nyigu, ambao vipapasio vyao ni vifupi, na naamini ufupi huo ni sehemu ya vazi lao, kwa maana nyigu mwenye pembe za kufika mkiani asingemdanganya ndege yeyote. Vipapasio vya nyigu hupinda kama kiwiko. Vya huyu vilikwenda kama uzi, pingili kumi na moja.

Kisha jicho, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Jicho la pembe-ndefu wengi si duara. Lina umbo la figo, na mzizi wa kipapasio umekaa ndani ya ule mkunjo, kana kwamba jicho limesogea kukipisha. Chini ya lenzi mkunjo ulikuwa wazi kabisa.

Miguu: ukihesabu vipande vya wayo unapata vinne, na cha tatu kimepasuka kama kwato ya mbuzi. Kwa kweli ni vitano. Cha nne ni kidogo sana, kimejificha ndani ya mpasuko huo. Alama hii wanayo pia mbawakawa wanaokula majani na fukusi, kwa hiyo haimalizi kazi, lakini ikiungana na jicho la figo mduara unakuwa mdogo sana.

Mwisho rangi, na ni kwa makusudi ilikuwa mwisho. Njano ile haikuwa ya gamba. Ilikuwa nywele, nyingi, fupi, zimelala upande mmoja kama zulia. Mahali ambapo mdudu alijisugua kwenye kioo cha chupa akitafuta njia, nywele zilikuwa zimekwanyuka, na chini yake palikuwa peusi. Kwenye kila bawa gumu, karibu na bega, palikuwa na alama nyeusi kama pete. Nilimwandika kuwa Chlorophorus, na mtaalamu mwenzangu aliyekuwa na vielelezo vya kulinganisha alithibitisha kuwa ni Chlorophorus annularis, jina lake la pili likitokana na hiyo pete. Ni mdudu wa Asia anayeishi ndani ya mianzi, na amesafirishwa sehemu nyingi za dunia ndani ya bidhaa za mianzi.

Baada ya hapo hatukutafuta kiota tena. Nilimuuliza bibi kama kuna mahali anapofagia unga kila asubuhi. Akacheka kidogo, akanionyesha chini ya kisitiri. "Nilidhani ni vumbi la mianzi mipya." Kwenye fito za kisitiri tulihesabu matundu saba ya mviringo, mrija wa wino wa kalamu ya biro uliingia bila kukwama. Kwenye stuli moja palikuwa na tundu moja. Ukubwa huo ulikuwa na maana. Mianzi inayobunguliwa na Dinoderus minutus, mbawakawa mdogo wa milimita chache anayeharibu mianzi mikavu pia, huwa na matundu madogo mengi kama ya pini nene. Haya yalikuwa ya mdudu mkubwa zaidi.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi. Mtoto arudi nyumbani usiku huohuo. Mbawakawa huyu hana mwiba wala sumu.

Wa pili ulikuwa kuacha kupiga dawa. Buu wa Chlorophorus hula ndani ya ukuta wa mwanzi na kushindilia unga nyuma yake, huku akiliacha ganda la nje zima. Dawa ya juu haimfikii. Inayemuua ni mdudu mkamilifu aliyekwisha kutoka, ndiyo maana siku mbili za kimya zilitupa matumaini ya bure.

Wa tatu ulileta mabishano. Fundi wa samani wa barabarani ambaye familia inamwamini alishauri matundu yazibwe kwa nta na kila kitu kipakwe vanishi mara mbili. Alikuwa na hoja. Jike hutaga kwenye nyufa na sehemu zilizokatwa, na vanishi humnyima pa kutagia. Lakini waliomo ndani wana meno, na hutoboa vanishi kama walivyotoboa ganda. Binti wa nyumba alitaka kumpa mlinzi wa jengo vitu vyote ili viondoke. Hilo nililipinga kwa nguvu zote. Kumpa mlinzi kungehamisha mabuu hadi nyumba nyingine yenye watoto, na huyu si mdudu wetu. Kenya ina misitu ya mianzi ya milimani, Aberdare, Mau na Mlima Kenya, na kuna wakulima wanaopanda mianzi mikubwa kwa biashara. Mdudu mgeni anayekula mianzi si wa kugawiwa.

Tulikubaliana mambo matatu. Tuwaarifu wakaguzi wa afya ya mimea na kuwapa vielelezo. Kisitiri, ambacho kilikuwa kimeliwa vibaya, kichomwe chote. Stuli zipelekwe kwenye tanuri la kukaushia mbao. Kipimo tulichofuata ni kile kinachotumika kimataifa kwa mbao za kufungashia mizigo, nyuzi 56 za Selsiasi kwenye kiini cha mbao kwa dakika 30 mfululizo. Neno la kushikilia ni "kiini". Hewa ya tanuri ikifika 56 haimaanishi moyo wa mwanzi umefika. Mwenye tanuri alitoboa stuli moja upande wa chini, akaingiza kipimajoto, akahesabu dakika kuanzia hapo.

Matokeo

Kisitiri kilipochomwa, baadhi ya fito zilipasuka katikati, na ndani tuliona njia zilizojaa unga mlaini uliokandamizwa kama chaki. Katika moja alikuwemo buu mweupe, hana miguu ya kuonekana kwa macho, kichwa kimezama kifuani. Mjukuu aliomba kumtazama, akamtazama kwa muda mrefu.

Stuli zilirudi baada ya siku nne. Vanishi ilikuwa imepauka mahali, na mguu wa stuli moja ulikuwa umepata ufa mwembamba. Tangu hapo imepita miezi minane bila unga mpya wala mdudu dirishani.

Kwa nini macho yalikubali

Henry Walter Bates, aliyekaa miaka kumi na moja katika bonde la Amazon, alieleza mwaka 1862 jinsi vipepeo watamu wanavyovaa sura ya vipepeo wenye ladha mbaya ili ndege wawaache. Fritz Müller akaongeza mwaka 1878 upande wa pili: hata wenye sumu wenyewe hufaidika wakivaa sare moja, kwa sababu ndege akiumia mara moja huwaacha wote. Hapa Nairobi huhitaji kwenda mbali kuona mambo hayo. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa anayeelea polepole juu ya magugu ya kando ya barabara, ana ladha mbaya. Jike wa Hypolimnas misippus, asiye jamaa yake wa karibu, anafanana naye hivi kwamba inabidi mtu atazame mara mbili.

Kisa cha mianzi kinaonyesha jambo ambalo sikuwa nimelipima vizuri. Vazi la Chlorophorus lilishonwa Asia, mbele ya ndege wa Asia walioumwa na nyigu wa Asia. Lilifika Nairobi kwa kontena na likafanya kazi siku ileile, kwa bibi, kwa keateka na kwangu. Sababu ni Müller. Njano na nyeusi kwa mistari ni sare inayovaliwa na wenye miiba karibu kila mahali, na anayeiiga hupata hifadhi hata mahali ambapo hajulikani.

Ila uigaji una mipaka, na kazi ya utambuzi imo ndani ya mipaka hiyo. Kinachoigwa ni kile ambacho adui hukiona kwa mtupo mmoja wa jicho: rangi, mistari, mwendo wa kukimbia na kusimama. Ndege hahesabu vipande vya wayo. Hamuulizi mdudu jicho lake lina mkunjo gani. Sehemu hizo hazikuwahi kushinikizwa ziige chochote, kwa hiyo zimebaki na ukoo wake halisi. Mimi nilianza na rangi, yaani nilianza pale hasa palipotengenezwa kunidanganya. Kwa mdudu mwingine rangi inaweza kuwa mwanzo mzuri. Kwa mdudu wa njano na nyeusi inapaswa kusubiri mpaka mgongo, jicho na miguu vimekwisha kusema.

Yaliyofaa na yaliyokwama

Chupa ya jemu ndiyo iliyookoa kazi hii. Bila kielelezo kizima tungebaki na picha na ubishi. Onyo la keateka la kutomponda mdudu, ingawa lilitolewa kwa sababu nyingine, liliwaacha wadudu wazima.

Kumhamisha mtoto hakukuwa kosa la familia. Kwa taarifa waliyokuwa nayo, na kwa historia ya koo lake, ningefanya vivyo hivyo. Kosa lilikuwa katika taarifa, nami ndiye niliyeitoa. Swali la bibi lilikuwa "anauma?" nikalijibu hilo tu. Sikuuliza anatoka wapi. Ningeuliza, ningesikia kuwa wanatokea asubuhi ndani ya chumba kilichofungwa, mita moja kutoka kwenye mianzi mipya, na kwamba hakuna aliyeona hata mmoja akiingia kutoka nje. Nyigu wa Nairobi wanaojenga chini ya paa, kama Polistes na Belonogaster, huonekana wakienda na kurudi kiotani. Hawa walikuwa wakienda upande mmoja tu, kuelekea mwanga. Hiyo ni tabia ya mdudu aliyetoka tu ndani ya mti na anatafuta njia ya kutoka nje.

Kuna jambo jingine lililokwama ambalo halikurekebishika. Baada ya kumtambua mdudu, kisitiri kilikaa siku mbili kwenye roshani kikingoja gari la kukibeba. Tulikifunika kwa turubai, lakini halikufungwa chini. Asubuhi ya siku ya pili nilikuta matundu tisa, si saba, na chini ya turubai alikuwepo mdudu mmoja tu. Wakaguzi niliwaeleza hivyo hivyo. Mwingine aliruka, na roshani ile inatazama bustani ya jirani yenye kichaka cha mianzi ya mapambo. Jirani alituruhusu kukikagua mara moja kila mwezi. Mpaka sasa hakuna tundu, lakini mwanzi ulio hai hautoi unga mapema, na katika mianzi mikavu ukuaji wa mabuu wa jamii hii unaweza kucheleweshwa kwa muda mrefu.

Chini ya stuli tatu pametandikwa karatasi nyeusi. Kila Jumamosi mjukuu huipiga picha kabla ya bibi kufagia, na hunitumia mimi.